Anayekula na anayetaga: nilivyojifunza kuchagua bata wa mayai hapa Ujiji

Bata wa mayai anakula takribani gramu 150 za chakula kwa siku. Asiyetaga naye hapungui sana hapo. Ukiwa na kumi wa aina hiyo bandani, kwa mwezi wanamaliza kilo 45, karibu gunia zima la kilo 50, na hujaokota hata yai la kumkaangia mtoto. Hesabu hii ningeweza kuifanya kabla ya kununua bata wa kwanza. Niliifanya nikiwa tayari nadaiwa dukani kwenye vyakula vya mifugo.

Kabla ya bata nilikuwa nauza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma kando ya ziwa. Anayeijua kazi hiyo anajua kwamba pesa yake inafuata mwezi: mbalamwezi ikitanda, taa za wavuvi hazina kazi, mitumbwi inalala na wewe unalala na njaa yako. Nilitafuta kitu cha kuniingizia shilingi siku zile. Huku kwetu Ujiji, upande wa bonde la mto Luiche, kuna mashamba ya mpunga, pumba zipo, konokono wapo, na wapika keki na maandazi wanalipenda yai la bata kwa sababu kiini chake ni kikubwa na lenyewe linafika gramu 70, wakati la kuku wa kisasa ni kama gramu 60. Nikaona njia imefunguka.

Nilinunua kwa watu mbalimbali, nyumba hii wawili, nyumba ile watatu. Kila muuzaji alinishauri jambo moja: chukua mkubwa, mwenye kifua kipana. Nikachukua wakubwa. Nikawaleta nyumbani, majirani wakaja kuwatazama, shemeji akaniambia sasa nimekuwa tajiri.

Kumbe kwenye kundi langu kulikuwa na bata wa namna tatu. Wa kwanza ni huyu wa kienyeji mwenye nyama nyekundu usoni, ambaye halii kwa sauti bali anazomea. Huyo hutaga kwa vipindi: mayai kumi na kitu, kisha anakaa kuatamia, na mayai yake huchukua siku 35 kuanguliwa. Wa pili ni bata weupe na wengine wa rangi ya kaki, wenye makelele. Wa tatu ni chotara wa hao wawili, na chotara huyo ni mgumba. Ana mwili mkubwa, nyama tamu, ila ukimsubiri akupe vifaranga utasubiri mpaka uzeeke. Wale niliowasifu kwa ukubwa walikuwa ama wa kienyeji ama chotara. Wale wadogo wa rangi ya kaki, ambao muuzaji aliniongezea kama nyongeza, ndio waliokuja kunilipia deni.

Baadaye nilielewa kwa nini. Bata wa rangi ya kaki asili yake ni Khaki Campbell wa Uingereza. Alitengenezwa na mwanamke mmoja, Adele Campbell, kijijini Uley, Gloucestershire, karne ya 19 ilipokuwa inaisha, kwa kuchanganya Indian Runner, bata mwembamba anayesimama wima mwenye asili ya Indonesia, na bata wa aina ya Rouen na bata mwitu. Jike lake halivuki sana kilo 2, na likitunzwa vizuri linaweza kupita mayai 250 kwa mwaka. Wangu hawakuwa safi, walishachanganyika vizazi vingi, lakini damu ile ilikuwemo. Chakula kinachoingia kwa bata wa namna hiyo hakiendi kwenye paja.

Miezi ya mwanzo mayai yalikuwa machache kuliko midomo. Sehemu ya tatizo ilikuwa ya kijinga kabisa. Bata hutaga usiku wa manane hadi asubuhi mapema, na mimi nilikuwa nafungua banda alfajiri ili waende wakajitafutie. Walikuwa wanatagia kwenye majaruba. Watoto wa mtaani walinufaika kuliko mimi. Nikaanza kuwafungulia saa tatu asubuhi, na matandiko ya pumba ya mpunga nikayaweka mazito pembeni mwa banda, penye giza. Mayai yakaongezeka. Hata hivyo hayakulingana na idadi ya majike, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna wanaokula kwa jasho la wenzao. Sikujua ni akina nani.

Bwana mifugo wa kata alikuja kuwatazama. Aliniuliza, "Mama, umewahi kuwashika?" Nikamwambia nawashika kila siku nikiwahesabu. Akasema, "Kuwashika kwa nyuma." Akaniomba nimletee jike mmoja, akanionyesha jambo ambalo tangu siku ile nalifanya mwenyewe.

Kwanza namna ya kumkamata. Bata hakamatwi miguu. Miguu yake ni dhaifu na inateguka haraka. Mkamate chini ya shingo taratibu, kisha mbebe kwa kumkumbatia, kichwa kikiwa nyuma ya kwapa lako na mkia ukiwa mbele yako. Subiri atulie. Ukianza kupima akiwa anatapatapa, misuli inakaza na unachokisoma ni woga wake.

Chini ya mkia, kushoto na kulia kwa tundu la kutagia, utagusa ncha mbili za mifupa ya nyonga. Pima nafasi iliyo katikati yake kwa vidole ulivyovilaza. Anayetaga huingiza vidole vitatu au zaidi, na zile ncha ni nyembamba, zinanesa ukizibonyeza. Asiyetaga huingiza kimoja, pengine kisiingie vizuri, na mifupa ni mizito, imefunikwa mafuta. Kisha pima kutoka ncha za nyonga kushuka mpaka mwisho wa mfupa wa kidari: vidole vinne na kuendelea ni dalili nzuri, viwili si dalili nzuri. Bonyeza tumbo katikati hapo. La anayetaga ni laini na limejaa; la asiyetaga ni dogo na gumu, au ni laini kwa mafuta tu. Mwisho tazama tundu lenyewe. La anayetaga ni pana na lenye unyevu. La asiyetaga limekunjamana, dogo, kavu.

Bwana mifugo ana vidole vinene na vyangu ni vyembamba, kwa hiyo vitatu vyake si vitatu vyangu. Nilichofanya ni kulaza vidole vyangu kwenye rula: vitatu vilikuwa kama sentimita 4 na nusu. Tangu hapo naandika sentimita, siandiki vidole, na binti yangu akipima siku nisipokuwepo namba zinalingana. Kama mnapima watu wawili nyumbani, fanyeni hivyo kabla ya kubishana.

Nikapata hamu ya vipimo. Nikaazima futi kwa fundi cherehani nikapima kila kitu: urefu wa mgongo, mzunguko wa kifua, urefu wa shingo, urefu wa mguu. Daftari likajaa. Pamoja na hayo nikatengeneza viota vya mtego, masanduku ya mbao yenye mlango unaojifunga bata akishaingia, ili nijue yai hili ni la nani. Kila jike nikamfunga kipande cha plastiki cha rangi mguuni. Viota hivi ni kero. Lazima uamke kuwafungulia, bata mwenye hasira anakuzomea, na bata si kama kuku, wengi wanapenda kutaga chini popote. Kwa wale wasioingia sandukuni nilitumia mkono: saa tatu au nne usiku, bata atakayetaga alfajiri tayari yai lake lina ganda gumu, nawe ukipapasa tumbo kwa upole chini ya nyonga unalisikia. Usibonyeze kwa nguvu. Likipasukia ndani unamuua.

Baada ya kukaa na daftari hilo msimu mzima wa mvua, niliona mzunguko wa kifua unaniambia uzito wa bata na hauniambii mayai yake. Urefu wa mguu haukuniambia kitu. Nafasi ya nyonga, na ile ya nyonga hadi kidari, ndizo zilizoenda pamoja na mayai yaliyookotwa, tena zikipimwa zaidi ya mara moja. Kwa matembe ambao hawajaanza kutaga, urefu wa mgongo na upana wa sehemu ya nyuma vilisaidia kidogo kukisia nani atakuja na tumbo lenye nafasi. Kwao nyonga bado imebana, na hilo si kosa lao. Bata wa mwili mwepesi, kama hawa wa kaki, huanza kutaga wakiwa na miezi mitano au sita, wa kienyeji huchelewa zaidi. Kumtoa tembe wa miezi minne kwa sababu nyonga yake ni kidole kimoja ni kumwonea.

Sasa habari ya homoni. Nilikuwa nimesoma kwamba watafiti wa bata hupima damu pamoja na mwili, na kichwani kwangu hiyo ikawa njia ya mkato: pima damu mara moja, jua nani bora, uza wengine, lala usingizi. Nina mtoto wa kaka yangu anayefanya kazi maabara. Nikamweleza. Alicheka, halafu akaona sitanii.

"Shangazi," akasema, "kipimo chenyewe kinazidi bei ya bata."

Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza. Nyingine zilinifundisha zaidi, na nazieleza jinsi nilivyozielewa. Mwanga unapoingia kichwani mwa ndege, unapenya hadi kwenye ubongo wenyewe, na ubongo unaiamuru tezi iliyo chini yake itoe homoni mbili, FSH na LH. Hizo zinakiamsha kifuko cha mayai. Ndege wa kufugwa hutumia kile cha kushoto peke yake. Kifuko kinatoa estrojeni na projesteroni. Estrojeni inaliambia ini litengeneze malighafi ya kiini, inapandisha kalisi kwenye damu kwa ajili ya ganda, inakuza mrija wa mayai na kulegeza nyonga. Projesteroni ikipanda inavuta LH juu, na saa chache baadaye kiini kinaachiwa. Kwa kuku ni kama saa 4 hadi 6 baada ya kilele cha LH. Ndiyo maana damu ya saa nne asubuhi na damu ya saa nne usiku za bata yule yule zinaweza kukupa habari mbili tofauti. Ukimtoboa kila mmoja kwa wakati wake kisha ukawalinganisha, umelinganisha saa, hujalinganisha bata.

Tena kuna jambo ambalo mtu wa kawaida hawezi kulijua mpaka aambiwe. Estrojeni ya aina ya estradioli na projesteroni ni zile zile kwa binadamu na kwa bata, hivyo kipimo cha hospitali kinaweza kuziona, japo kinahitaji uangalifu. LH ni protini, na ya ndege imeundwa tofauti na ya binadamu. Kipimo cha hospitali hakiitambui. Wanaouza vipimo vya ndege wanauza visahani vyenye vishimo 96, na sampuli lazima zikae kwenye ubaridi wa nyuzi 20 chini ya sifuri hadi zitoshe kupimwa kwa pamoja. Mimi jokofu langu ni la kuuzia barafu.

Hata hivyo kijana hakuniacha hivi hivi. Bwana mifugo alitoa damu kidogo kwenye mshipa wa chini ya bawa, kwa jike mmoja wa kaki aliyekuwa anataga karibu kila siku na kwa mmoja mnene ambaye daftari lilionyesha hana yai. Nikalipia kipimo cha kalisi. Mashine ilipozizungusha zile chupa na chembe nyekundu zikashuka chini, damu ya yule mnene ilibaki na majimaji maangavu juu. Ya yule anayetaga ilikuwa na ukungu wa manjano, kama maji ya kuoshea mchele. Kijana akaeleza kwamba ule ukungu ni mafuta na protini vinavyosafiri kutoka kwenye ini kwenda kutengeneza kiini. Kalisi yake nayo ilikuwa imempita mwenzake zaidi ya maradufu. Hiyo ni kazi ya estrojeni, inaonekana kwa macho.

Nilitoka pale nikiwa nimeelewa kwamba vidole vyangu vilikuwa vinasoma jambo lile lile. Nyonga iliyoachana na tumbo lililolegea ni kazi ambayo homoni imeifanya kwa wiki kadhaa. Damu inakuonyesha saa ile tu. Kwa mtafiti mwenye maabara, vyote viwili vina maana. Kwa mtu wa Ujiji anayetaka kujua amuuze nani kabla gunia halijaisha, vidole na daftari vinatosha. Pesa ya kupima damu kundi zima afadhali ununue dagaa na chokaa vya kuchanganya kwenye chakula chao.

Kuna homoni moja ilikaribia kunipotosha, nayo ni prolaktini. Ndiyo inayomfanya jike aatamie, na ikipanda kifuko cha mayai kinasinyaa. Wale wa kienyeji nilipowapima wakiwa wanatamia nyonga zilikuwa zimebana kabisa, nami nikamwandikia mmoja alama ya kuuzwa. Jirani yangu, bibi aliyefuga bata kabla sijazaliwa, akaniambia, "Mwanangu, huyo usimpime, mpe kazi." Sasa nawaachia hao waatamie mayai ya wale wa kaki, ambao wengi hawana habari ya kuatamia. Angalizo: mayai ya bata wepesi huanguliwa siku ya 28. Usiyachanganye kwenye kiota kimoja na ya wa kienyeji ya siku 35, kwa sababu wa kwanza wakitoka mama huondoka nao na yaliyobaki yanapoa.

Vivyo hivyo bata anayebadilisha manyoya. Anapunguza kutaga au anaacha kabisa, nyonga inarudi, na ukimpima wakati huo utamfukuza mtu aliye likizo. Tazama bawa kwanza. Ukiona manyoya makubwa yanaota upya, mpe wiki kadhaa. Na kabla hujamlaumu bata yeyote, kagua chakula. Niliwahi kununua mahindi ya bei rahisi yaliyokuwa na ukungu kidogo, nikasema nitayaanika tu. Sumukuvu haitoki kwa kuanika, na bata ni mwepesi kudhurika nayo kuliko kuku. Kutaga kulisimama karibu kundi zima, wengine wakafa. Nililia siku ile, sioni haya kusema. Vipimo vyote vya wiki zile nilivichana, maana vilikuwa vinapima mahindi.

Katikati ya shida hizo akaja mtu na chupa, akasema ni homoni ya kutagisha, matone machache kwenye maji. Haikuwa na maelezo wala tarehe. Sikununua. Bata anayepata saa 14 hadi 16 za mwanga, protini ya asilimia 16 hadi 18 na kalisi ya kutosha anajitengenezea homoni zake. Huku kwetu mchana ni saa 12 mwaka mzima, dakika chache juu au chini, kwa hiyo naongeza taa jioni kwa muda ule ule kila siku. Ukiiwasha leo ukaisahau kesho, afadhali usianze.

Kuchuja kulikuja Idi ilipokaribia, bei ilipokuwa nzuri. Aliyeniuma ni chotara mmoja mweupe, mkubwa, aliyekuwa ananifuata hadi jikoni. Watoto walimpa jina. Nilimpima, nikarudia mwezi uliofuata, nikarudia tena nikiwa natumaini namba itabadilika. Kidole kimoja. Nilimuuza kwa mtu wa mtaa mwingine ili watoto wasimwone sufuriani. Kundi lilipungua karibu nusu, na mayai kwa siku yakabaki karibu yale yale. Deni la dukani lilichukua muda kuisha, lakini liliacha kukua mwezi ule ule.

Kilichobaki kunisumbua ni madume. Dume hana nyonga ya kupima kwa jambo hili, na damu yake ndiyo inayoingia kwa mabinti wote wa mwaka unaofuata. Namchagua kwa daftari la mama yake: dume ninayemwacha lazima awe mtoto wa jike aliyetaga vizuri, na kila dume mmoja namwachia majike watano au sita. Sitaki awe kaka yao. Mwaka huu nimebadilishana madume na mama mmoja wa Bangwe ambaye naye anaandika mayai ya kila jike. Kabla hatujabadilishana nilimwomba daftari lake nilisome, naye akaliomba langu, tukakaa barazani kwake mpaka adhuhuri tukibishana ni bata yupi wa nani anastahili kuacha mtoto.